Bunduki ya Namba Zilizolingana

Leo nikisema "Palikuwa na watu," msiitikie vile mlivyozoea. Niulizeni, "Nani aliwaona?" Hadithi yenyewe ni ya kutiliana shaka, basi anzeni na mimi.

Palikuwa na watu!

Vizuri. Walioonwa ni ndugu watatu, watoto wa dada watatu waliozaliwa tumbo moja, wote wapwa wa mzee mmoja wa Chilingula aitwaye Nalinga.

Wa kwanza alikuwa mwanamke, Somoe, na kipaji chake kilikuwa kutunza. Ukimpa Somoe sindano leo, mjukuu wako ataikuta kesho, tena haina kutu. Siri alizitunza vivyo hivyo. Kitu pekee ambacho hakukitunza ni imani kwa watu. Akikuazima chumvi, alikusindikiza hadi jikoni kwako aone inavyotumika.

Wa pili aliitwa Chitanda, na kipaji chake kilikuwa kuchonga. Alitazama kiti mara moja akakuchongea mwenzake, nawe ukashindwa kujua jana ulikalia kipi. Watu walimsifu sana kwa hilo. Mimi sikatai sifa, lakini mtu anayeweza kuiga kiti hamjiulizi anaweza kuiga nini kingine?

Wa tatu ni Likwata, mdogo wao, na kipaji chake kilikuwa chuma. Baiskeli zote za Chilingula zilipita mikononi mwake, na alijua ugonjwa wa mnyororo kwa kuusikia ukipita njiani. Alikuwa na kasoro moja: hakuvumilia kitu kilichokaa upande. Akiona msumari umechomoza kwenye mlango wa mtu, atarudi na nyundo hata kama hakuitwa.

Sasa mjomba wao. Nalinga alipokuwa kijana alikuwa askari katika vita vya Mjerumani na Mwingereza. Vita vilipokwisha alirudi nyumbani na miguu yote miwili, jambo la ajabu, na bunduki, jambo la hatari. Haukupita muda serikali mpya ikatoa amri: kila mwenye bunduki aipeleke bomani. Nalinga hakupeleka. Aliketi chini, akaifungua, akaigawa kwa dada zake. Mama yake Somoe alipewa mtutu. Mama yake Chitanda alipewa kitako, yaani mti wote wa bunduki. Mama yake Likwata alipewa bolti, kile chuma cha nyuma ya mtutu ambacho askari hukivuta na kukisukuma ili kuifungia risasi.

"Mwenye kipande hana bunduki," aliwaambia. "Wakija kuwauliza, apeni kabisa. Lakini asiwepo dada atakayemwambia mwenzake kakificha wapi."

Watu wa bomani walikuja, waliuliza, dada wakaapa, na wageni wakarudi mikono mitupu. Mjomba akajiona mjanja. Hakuona alichokipanda. Wale dada waliolala mkeka mmoja utotoni wakaanza kutembeleana kwa macho. Mmoja akienda kumsalimu mwenzake, hakuketi karibu na ukuta, asije akadhaniwa anapapasa. Mwenyeji akitaka kwenda kuchota maji, alimwambia mgeni, "Twende wote, mama." Walipokufa, waliwaachia watoto wao vile vipande pamoja na shaka ile.

Mjue pia desturi ya kule kusini. Mali ya mwanamume haiendi kwa mwanawe, inakwenda kwa watoto wa dada zake. Na jina ni hivyo hivyo. Mzee akifa, mpwa mmoja, awe mke awe mume, hulivaa jina lake, na tangu siku hiyo yeye ndiye Nalinga. Ndiye mshika mikorosho ya ukoo, ndiye mwozeshaji wa mabinti, na mtu wao akishitakiwa yeye ndiye husimama mbele. Anayevaa ni mmoja tu, kwa kuwa jina halikatwi vipande. Na arobaini ikipita pasipo mtu wa kulivaa, jina huzikwa, na ukoo hutawanyika, kila mtu akaomba hifadhi kwa wakwe zake.

Basi mjomba Nalinga alizeeka, macho yakaanza kuingia ukungu. Akawaita wapwa zake watatu.

"Wapwa zangu," akasema, "nataka kuiona bunduki yangu kabla macho haya hayajazimika. Atakayenirudishia bunduki yangu ndiye nitakayemvisha jina langu."

Somoe akauliza, "Mjomba, kila mmoja ana kipande. Utamvishaje mmoja?"

"Nimesema bunduki yangu. Sikusema bunduki tu. Nikiishika nitamjua aliyeirudisha."

Wakaondoka kwa njia tatu tofauti, ingawa nyumba zao ziko upande mmoja.

Siku hizo alikuwa akizunguka vijijini bwana mmoja wa mjini, Hokororo, mkusanyaji wa bunduki kuukuu za vita. Nyumba yake ilijaa bunduki zisizopiga, na alizizungumzia kwa upole ambao wengine huutumia kwa watoto wao. Alisimama kwenye karakana ya Likwata kutengenezewa baiskeli, na mdomo haukumkaa kimya.

"Fundi," alisema, "bunduki halisi unaijua kwa namba. Kiwandani walipiga namba moja kwenye mtutu, na ileile kwenye bolti. Zikilingana, hiyo ndiyo bunduki. Zisipolingana ni ya kuungaunga, mtutu wa marehemu huyu na bolti ya marehemu yule. Mimi ya namna hiyo hata siishiki."

Likwata aliguna tu, akaendelea na mnyororo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Sikilizeni sasa alichokifanya kila mmoja, na sikilizeni kwa uangalifu, maana mtaulizwa.

Mtutu wa Somoe ulikuwa umesimama ndani ya ukuta wa nyumba yake, katikati ya fito, umefunikwa udongo. Kila mgeni aliyewahi kuegemea pale aliuegemea bila kujua. Chitanda alipomfuata kumwambia, "Dada, toa chako tumpelekee mzee," Somoe alijibu, "Toeni ninyi kwanza, nione." Alishikilia hapo hapo. Mikorosho ilichanua, Somoe anangoja kuona. Korosho ziliokotwa, Somoe anangoja kuona. Hata siku moja akaenda kumjulia hali mjomba, akamkuta anaisalimia nguzo ya baraza, "Marahaba, mwanangu." Somoe alilia njia nzima. Alipofika kwake akachukua jembe akaubomoa ukuta, mvua za masika zikiwa zimeshaanza. Mtutu ulitoka umefungwa kitambaa cha mafuta ya ufuta, mzima, namba inasomeka. Nyumba iliinama upande, na yeye na wanawe wakahamia jikoni kulala na kuku. Hakuongeza kitu kwenye mtutu ule wala hakupunguza.

Kitako cha Chitanda kilikuwa ghalani, na alipofungua furushi mchwa walikuwa wamemtangulia. Alibaki na vumbi na vipande viwili vya kushika kwa kidole. Angesema. Hakusema, kwa sababu alijua Somoe atadai kitako kimeuzwa. Badala yake akajitolea kumnyoa mjomba ndevu kila Ijumaa, na wembe ukipita yeye anajifunza mfupa wa shavu. Akimkanda bega, anajifunza bega. Anauliza kama mzaha, "Mjomba, ulipokuwa unalenga uliegemeza wapi?" Mzee naye anaonyesha. Akachonga kitako kipya kwenye mninga, akakipaka mafuta ya maganda ya korosho ili kiwe cheusi cha kizee. Ninyi mnaoijua korosho mnajua mafuta yale yanavyobabua ngozi. Alivumilia.

Bolti ya Likwata ilikuwa kwenye chungu cha majivu. Ilikuwa imekwama, kila chuma kimeshikana na mwenzake. Aliilowesha, akaisugua, akaibembeleza hadi ikateleza. Hiyo ni kazi ambayo hakuna mwingine pale kijijini angeiweza, na bila hiyo vile vipande vingine viwili vingebaki bomba na gogo. Ila siku ya mwisho alifunga mlango wa karakana, mlango ambao haukuwa umefungwa tangu uwekewe bawaba, na waliopita njiani walisikia tupa ikilia kwenye chuma. Mimi sisemi kitu. Nasema tu walisikia tupa.

Asubuhi moja wakakutana barazani kwa mjomba. Hokororo naye alijialika. Likwata akaunganisha bunduki, Somoe akamtazama vidole, Chitanda mikono ameificha chini ya kanzu. Kisha bunduki ikawekwa juu ya mapaja ya mzee asiyeona.

Akaiinua. Akaegemeza shavu kwenye mti, na machozi yakamtoka.

"Ndiyo hii," akasema. "Hapa ndipo shavu langu lilipokaa siku zote."

Chitanda akavuta pumzi.

Mzee akavuta bolti, akaisukuma. Kachak.

"Na mlio ni huu. Nilikuwa nausikia ndotoni."

Likwata akainua kichwa.

Mzee akapitisha vidole juu ya mtutu. "Nisomeeni namba."

Somoe akaisoma, na mzee akaifuata kwa sauti ya chini, maana namba ile aliiimba kila alipolewa, na ukoo mzima uliijua kama wimbo. Hokororo akashindwa kujizuia, akainama kwenye bolti na kupaza sauti, "Na huku ileile! Zinalingana! Mzee, hii ni halisi, kitu kama hiki sijapata kukiona tangu nianze kazi hii!"

Mzee akaondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Haziwezi kulingana," akasema.

Akageukia upande wa wapwa zake.

"Bolti yangu ilizama mtoni tulipokuwa tunavuka Ruvuma. Nikabaki na bomba. Tulipofika ng'ambo tukashambuliwa, akafa mwenzangu Mkwinda, yuko hapa, mimi niko hapa. Bunduki yake ilikuwa imepasuka mtutu, lakini bolti nzima. Nikaichukua, nikaitia kwenye yangu, ikakubali. Kama si bolti ya Mkwinda mimi nisingefika Chilingula. Bunduki yangu ina namba mbili. Aliyeniletea yenye namba moja kaniletea bunduki ya nani?"

Macho yote yakamgeukia Likwata. 

"Ni ileile, mjomba," akasema. "Ndiyo uliyompa mama. Nilipoitoa kwenye majivu nikaona namba ni nyingine. Nikadhani imebadilishwa. Nilimshuku dada Somoe, nikamshuku kaka, Mungu anisamehe, nikamshuku hata mama yangu kaburini. Nikajua utasema si yako. Basi nikaifuta kwa tupa, nikapiga ile ya wimbo wako. Nilitaka ikae sawa tu."

"Namba uliyoifuta ilikuwa ipi?" mzee akauliza. "Ya Mkwinda naijua. Itaje, nami nitakuamini."

Likwata akatikisa kichwa. "Sikuishika, mjomba. Niliitazama kwa kuichukia, sikuitazama kwa kuikumbuka."

Somoe akacheka kicheko kikavu. "Ama kweli, mwongo akibanwa husahau. Nani aseme hukuiuza ya mzee, ukaja na nyingine kutoka kwa huyu bwana?"

"Mimi sijauza bolti hapa!" Hokororo akaruka. Akaishika, akaigeuza juani, akairudisha. "Ni ya aina ile na ya vita vile. Zaidi ya hapo sijui. Chuma kikishapita kwenye tupa hakina la kusema."

Likwata uchungu ulimpanda. "Mnanitazama mimi peke yangu kwa nini? Kaka Chitanda, toa mikono nje!"

Chitanda hakutaka, lakini atafanyaje? Viganja vilikuwa vimebabuka, ngozi inaning'inia. Pale barazani hapakuwa na mtu asiyejua kinachobabua mikono hivyo.

"Mchwa walikimaliza, mjomba," akasema taratibu. "Huu mti ni wangu. Nimeuchonga kwa uso wako."

Mzee akalitafuta tena kwa kidole lile bonde dogo la shavu, akaliacha.

"Basi halisi ni mimi tu," Somoe akasema.

"Ndiyo, dada, wewe ni halisi," Chitanda akamjibu. "Alitaka kuiona kwa macho. Macho alikuwa nayo mikorosho ilipochanua. Nani aliyemngojesha mpaka yakazimika?"

 Somoe alijifunika uso kwa kanga.

Wakamngoja mzee aseme.  Aliomba tu aachiwe bunduki, na tangu siku ile alikuwa nayo mapajani asubuhi hadi jioni. Wakimuuliza habari ya jina aliulizia mvua. Wapo wanaosema uzee ulimsahaulisha. Mimi siamini, mtu hawezi kusahau jina lake mwenyewe. Nadhani alikwishamjua wa kumvisha, na alichokijua kilimwogopesha. Akafa masika hayohayo. Nimejaribu kuulizia mkono wake ulikuwa kwenye kipande kipi alipokata roho, na kila mmoja wa wale watatu ananiapia ulikuwa kwenye kipande chake.

Siku ya arobaini ikafika. Mkeka ukatandikwa uani, na ungo wa unga wa mtama ukawekwa mbele ya Bi Alusa, mwanamke mkubwa wa ukoo. Desturi ni hii: yeye huchovya mkono kwenye unga, humpaka mmoja usoni, na aliyepakwa akinyanyuka mkekani anaitikia salamu kwa jina la marehemu. Wale watatu wakaketi bega kwa bega. Bi Alusa akawapa nafasi ya kusema.

Somoe akasema, "Mimi nimerudisha nilichopewa, si zaidi, si pungufu. Nimevunja nyumba yangu kukitoa. Macho ya mjomba nitayalilia mpaka nami nizikwe. Lakini kosa langu ni la kuchelewa, si la kudanganya. Mkimvisha jina aliyedanganya, kesho mtamwaminije na mikorosho yenu?"

Chitanda akasema, "Alisema akiishika atamjua aliyeirudisha. Aliishika, na alilia kwenye mti wangu. Mnasema mti ni mpya. Na jina je? Nalinga alikuwepo kabla ya mjomba, na kabla ya huyo alikuwepo Nalinga mwingine. Kila anayelivaa ni mti mpya. Mbona hamjawahi kumwita yeyote bandia?"

Likwata akasema, "Kama nisingeigusa ile namba, leo ningekuwa Nalinga bila ubishi. Mtutu ulimsaidia kwa nusu ya vita, lakini bolti ya Mkwinda ndiyo iliyomrudisha hapa. Nimekitunza kitu cha kweli nikakichafua kwa mkono wangu, nikidhani nakisafisha. Nawaomba mniamini. Najua naomba kitu ambacho hatukufundishwa."

Minong'ono ikaanza uani. Hokororo, ambaye hakualikwa safari hii pia, alimtetea Somoe: kilichoguswa, alisema, si halisi tena. Wanawake waliochongewa viti na Chitanda wakamtetea Chitanda. Mzee mmoja aliyewahi kupigana vita akasema bunduki isiyolia kachak ni mchi tu, ampeni Likwata. Na kila mmoja alipokuwa akisema, jirani yake alikuwa akijiuliza kahongwa na nani.

Bi Alusa amechovya mkono. Unga unadondoka kati ya vidole vyake, na jua limeshafika kwenye vilele vya mikorosho. Likizama arobaini imekwisha, jina limezikwa, na watoto wote mnaowaona wameketi kuuzunguka mkeka ule watalala leo bila mtu wa kuwasemea. Anamtazama Somoe, anasita. Anamtazama Chitanda, anasita. Anamtazama Likwata, anasita. Sasa anageuka anakutazama wewe, anakusogezea ungo.

Usiniambie wote watatu, jina halikatwi. Usiniambie hakuna hata mmoja, watoto wanakusikia. Chovya mkono. Uso upi utaupaka unga, na huyo utakayemwita Nalinga, utathubutu kumpa mgongo?